Kombania ya Farasi wa Kijivu

Luteni Pettibone alimkuta Sajini Hanratty bandani, ameinama, mguu wa farasi ameubana katikati ya magoti, anachokoa matope kwatoni. Hakumpa hata habari za asubuhi. Watu wa namna ya Pettibone hawapotezi salamu kwa mtu mwenye kinyesi cha farasi mikononi.

"Leo saa nne utaitwa mbele ya mahakama, Sajini. Maswali ni matatu tu. Farasi wa kombania yako walikuwa tayari kwa vita? Utajibu ndiyo. Askari walikuwa wamefunzwa? Ndiyo. Askari Zeller aliwaachia farasi aliokabidhiwa, akakimbia? Ndiyo. Ukimaliza, nenda kanywe kahawa yako."

"Na hilo la tatu nikijibu hapana, afande?"

Pettibone akatoa karatasi kifuani, akaikunjua taratibu. Hanratty hakuhitaji kuisoma. Ilikuwa ripoti ya mwezi wa tano ya Kombania D, na katika safu ya mwisho imeandikwa: farasi na askari wako tayari kwa vita. Chini yake, sahihi ya Fergus Hanratty, sajini wa kwanza.

"Sikiliza vizuri," alisema Luteni. "Kama farasi walikuwa tayari, basi Zeller ni mwoga, na mwoga wa vitani ananyongwa. Kama Zeller si mwoga, basi farasi hawakuwa tayari, na wewe umeidanganya serikali kwa maandishi. Hapo ni miaka mitatu ya kuvunja mawe. Kanali anakutakia mema. Sajini Meja wa rejimenti tumemzika kule kijitoni, na nafasi yake haiwezi kukaa wazi."

Jamani! Udongo juu ya marehemu haujakauka, cheo chake kinatembezwa bandani. Damu ilimchemka Hanratty mpaka masikio yakawaka. Lakini mdomo wake, ambao kwa miaka kumi na minne ulikuwa umezoea jibu moja tu, ukasema wenyewe: "Ndiyo, afande." Luteni akaondoka akirukaruka madimbwi ili viatu visichafuke.

Hanratty akanawa, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mahabusu.

Konrad Zeller alikuwa ameketi juu ya ubao, mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa vitambaa. Alikuwa Mjerumani wa miaka arobaini na mbili, mwoka mikate wa zamani, mnene kidogo, mwenye maneno mengi. Yeye na Hanratty walijuana tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Kaskazini na Kusini, na kwa miaka kumi na mmoja walikuwa wakipika sufuria moja. Bega lake lilikuwa limechomoka mahali pake, na vidole viwili vya mkono ule havikuwepo tena.

"Umekuja kunipa pole?" aliuliza Zeller.

"Nimekuja kukuona."

"Haya, umeniona. Nimependeza?"

"Pettibone kaja bandani. Anataka niseme uliwaachia farasi."

"Na wewe utasema?"

Hanratty akachelewa kujibu. Alichelewa kidogo tu, kama mtu anayemeza mate, lakini Zeller aliona, akainuka kwenye ubao.

"Ala! Unafikiria? Fergus! Mwenzio natiwa kitanzi shingoni, wewe unafikiria?"

"Ripoti ina sahihi yangu, Konrad."

"Najua ina sahihi yako! Si nilikuwepo? Nilikuja nikakwambia, Sajini, wanyama hawa hawajuani, wanang'atana, risasi ya kwanza tu watatutawanya wote. Ukanijibu nini? Sema mwenyewe, ulinijibu nini?"

"Nilikwambia kapake kwato mafuta."

"Kapake kwato mafuta! Nikaenda nikapaka. Ziling'aa, bwana wee. Watu thelathini na mmoja wameliwa na kunguru, na kwato zinang'aa!" Zeller alikaa tena, akageukia ukuta. "Nenda kaseme unachotaka. Mimi nimechoka na masajini."

Hanratty alisimama pale na kofia mkononi. Alitaka kugombana, alitaka kumwambia kwamba si yeye aliyetoa amri, si yeye aliyebadilisha farasi. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuweza kuyasema mbele ya mkono ule uliofungwa vitambaa.

Na kweli, amri haikuwa yake. Ilikuwa ya Luteni Kanali Ambrose Thackett, aliyefika Ngome ya Tolliver mwezi wa tatu akitokea ofisini Mashariki, masharubu yamepakwa nta, na kioo kidogo cha kujitazamia ndani ya mfuko wa tandiko. Siku ya kwanza aliitazama rejimenti ikipita mbele yake na akakunja uso. Farasi mweupe kando ya mweusi, mwekundu kando ya mwenye madoa. Alisema rejimenti yake inaonekana kama blanketi la viraka. Jenerali alikuwa anakuja kukagua, pamoja na mpiga picha na mabibi wawili, na yeye hakuwa tayari kupigwa picha na viraka.

Basi akaamuru farasi wagawanywe upya kwa rangi. Weusi wote kwa Kombania A, wekundu kwa B, wa kahawia kwa C, wa kijivu kwa D, na mabaki yasiyoeleweka yapewe wapiga tarumbeta. Ilichukua asubuhi moja. Farasi mia mbili walipokezanwa kama sahani za karamu, na wanaume wazima wenye makovu ya vita walisimama uwanjani wakilia hadharani. Hanratty alikuwa na jike lake la rangi nyekundu, Nora, kwa miaka minane. Alikuwa analijua pumzi, analijua likiudhika, na lenyewe lilijua sauti yake hata katikati ya mizinga. Lilikwenda kwa B, na yeye akapewa dume la kijivu lenye tabia ya kung'ata ambalo hata jina lake hakuna aliyemwambia.

Mtu asiyejua kazi ya wapanda farasi atasema, kwani kuna nini, si farasi tu? Kanali naye alisema hivyo hivyo, na yeye alilipwa kujua. Askari hawa hawapigani wakiwa juu ya farasi. Wakifika kwenye mapigano, watatu wanashuka na kukimbilia mstari wa risasi, na wa nne anabaki nyuma ameshika hatamu za farasi wote wanne. Mtu mmoja, farasi wanne, na bunduki zinalia. Kama farasi hao wamekula pamoja, wamelala pamoja na wamezoea mlio pamoja, watasimama, watatetemeka, lakini watasimama. Kama hawajuani, kila mmoja anamwogopa mwenzake kuliko anavyoogopa risasi. Na ndani ya mifuko ya matandiko ndimo mnamokaa nusu ya risasi za kila askari. Farasi wakikimbia, risasi zimekimbia, na njia ya kurudi nyumbani imekimbia.

Hanratty aliyajua haya yote. Alimwendea kamanda wa kombania, Kapteni Wetherbee, mtu mpole ambaye hakuwahi kumtukana askari hata mmoja.

"Afande, nipe wiki tatu. Kila asubuhi tuwafunge wanne wanne, tupige risasi karibu yao mpaka wazoee."

Kapteni akaenda kwa Kanali, akarudi uso umemwiva. "Amesema farasi ni farasi, Sajini. Na wiki tatu hizi ni za gwaride."

Wiki tatu zikaenda kwenye gwaride. Kushoto geuka, kulia geuka, kwato mafuta, mikia kusukwa. Jenerali akaja, mabibi wakapunga vitambaa, mpiga picha akajifunika kitambaa chake cheusi. Picha ilitoka nzuri mno. Kombania D ilionekana kama farasi mmoja aliyerudiwa mara arobaini na nne.

Kisha ikaja karatasi ya mwisho wa mwezi. Kapteni Wetherbee alikuwa kitandani na homa, kwa hiyo ikaletwa moja kwa moja kwa sajini wa kwanza. Pale Tolliver kila mtu alijua safu ile ya mwisho ina jibu moja. Zamani kidogo Sajini Boyle wa Kombania C aliandika kwamba watu wake hawako tayari, na kweli hawakuwa tayari. Kombania yake ikaachwa ngomeni, ikapelekwa kukata magogo na kuchimba vyoo miezi minne, na wenzake wakambandika jina la Bibi Boyle. Tangu hapo hakuna sajini aliyeirudia hiyo. Hanratty aliiweka karatasi juu ya pipa la maharage, huku anagombana na mpishi kuhusu nyama iliyooza, akaandika "tayari" na akasaini, bila hata kukaa chini. Zeller ndipo alipokuja na maneno yake, na ndipo alipojibiwa habari ya mafuta.

Siku ya ishirini na mbili ya mwezi wa sita walifika Kijito cha Pembe. Wapelelezi wa Kiarikara, wenyeji waliolitumikia jeshi, walikuwa wametangulia; walirudi na kumwambia Kanali kwamba kambi ya Walakota, adui waliokuwa wakiwafuata, ni kubwa, moshi wake haumaliziki, heri wangoje kikosi kingine. Kanali alicheka. Alisema watakimbia mara watakapowaona askari. Ajabu ya mtu huyu, alikuwa hajawahi kuwaona hata siku moja, lakini alijua watakavyofanya.

Hawakukimbia. Wakimbilie wapi, nao wako kwao? Wake zao walikuwa mle, watoto walikuwa mle. Walikuwa wameshiba, farasi wao wamepumzika na kunywa maji, na kila mwanamume alitoka juu ya farasi aliyemlea kwa mkono wake tangu akiwa mwana-farasi. Hanratty aliwatazama wakipanda kile kilima, na katika woga wake wote alipata wivu. Waliwaongoza farasi kwa magoti tu, mikono yote miwili iko kwenye silaha.

Kombania D iliamriwa kushika kilima cha kushoto. "Shuka! Kwa miguu!" Watu thelathini na watatu wakaenda mbele, kumi na mmoja wakabaki nyuma na farasi. Zeller alipewa wanne, mmoja wao lile dume la Hanratty lenye kung'ata. Walipiga risasi zao za kwanza kwa pamoja, na zile risasi zao wenyewe ndizo zilizowaua, maana mlio uliwatia farasi wazimu. Hanratty alisikia kelele nyuma akageuka.

Dume la kijivu lilikuwa limemng'ata jirani yake shingoni. Jirani akasimama kwa miguu miwili. Wa tatu akageuka kumpiga teke wa nne. Hatamu zikajisokota kwenye mkono wa Zeller, naye akiita kwa Kijerumani, akiwabembeleza kama watoto. Angeweza kufungua kiganja. Mtu yeyote mwenye akili angefungua kiganja, na Hanratty alijikuta anapiga kelele, "Achia, Konrad! Achia!" Hakuachia. Walimburuta juu ya mawe mpaka bega likachomoka, na bado hakuachia, mpaka ngozi ya hatamu ikamng'oa vidole. Ndipo mkono ulipoachwa. Dakika ile ile, kushoto na kulia, wenzake saba walikuwa wanapata yale yale, na kundi zima la kijivu likateremka bondeni na mifuko ya risasi inapigapiga mbavuni.

Yaliyobaki yalikuwa ya kuhesabu tu. Kila mtu alikuwa na risasi hamsini mkandani. Kapteni Wetherbee alipigwa tumboni, akaketi ameegemea mwamba, akanyoosha mkono na kusema, "Risasi, Sajini."

"Zimekwenda, afande."

"Zimekwenda wapi?"

Hanratty alimwonyesha kwa kidole. Kapteni akatazama bondeni, kisha akamtazama sajini wake, na hakusema neno jingine mpaka akafa. Hanratty aliwakusanya waliobaki, wakateremka kwenye kijito wakitambaa. Walitoka kumi na wawili. Wa kumi na tatu alikuwa Zeller, aliyeokotwa na watu wa nyumbu wa mizigo karibu maili moja kutoka mstarini, pale farasi walipomwacha, hajitambui. Kanali, aliyekuwa na kombania nyingine upande wa pili wa bonde, alikuwa ameshapiga tarumbeta ya kurudi nyuma zamani.

Askari aliyekutwa maili moja kutoka mstarini. Wakubwa wakayashika hayo kwa mikono miwili.

Saa nne mahakama ilikaa ndani ya ukumbi wa chakula. Meja Crandall wa askari wa miguu alikuwa mwenyekiti, mzee mwenye maradhi ya mguu, ameuweka juu ya kigoda. Kushoto na kulia kwake maofisa wawili waliopiga miayo. Kanali Thackett alitangulia kutoa ushahidi, akazungumza kama mtu anayesoma barua kwa wageni. Alisema mpango wake ulikuwa mzuri, kombania ilikuwa tayari kwa mujibu wa karatasi, na mkono mmoja uliolegea umeharibu kazi ya wote. Zeller alipoulizwa ana la kusema alinyanyua kile kiganja chenye vitambaa. "Mkono uliolegea ndio huu," alisema. Pettibone akaomba mahakama isiyatie maanani maigizo ya mshitakiwa.

Kisha akaitwa Hanratty. Alitembea mpaka katikati, visigino vikagongana, mkono ukapanda na kushuka.

"Sajini," alisema Pettibone, na sauti yake ilikuwa tamu, "farasi wa Kombania D walikuwa tayari kwa vita?"

Hapo ndipo mtu anapojikuta peke yake. Hanratty aliliona lile "ndiyo" limekaa mdomoni tayari, limeshapigwa msasa kwa miaka kumi na minne, halihitaji hata nguvu. Alimtazama Zeller. Zeller alikuwa anatazama sakafu, kama mtu ambaye ameshajua bei na hataki kusikia ikitajwa.

"Hapana," alisema Hanratty.

"Labda hukulisikia swali."

"Nimelisikia. Hapana. Hawakuwa tayari hata chembe. Walikuwa hawajuani, hawajui watu wao, hawajasikia mlio wa bunduki wakiwa wamefungwa pamoja hata siku moja. Zeller hakuachia. Niliona kwa macho yangu. Nilimpigia kelele aachie na hakuachia. Vidole vyake mkavitafute kule bondeni, vimebaki kwenye hatamu."

Meja Crandall akaacha kusugua mguu. Pettibone akaikunjua ile karatasi.

"Hii ni sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Inasema nini?"

"Inasema uongo."

Maofisa waliokuwa wanapiga miayo wakafunga midomo. Kanali Thackett akajiinua kidogo kwenye kiti. Meja akainama mbele.

"Sajini, unaelewa unachojitia?"

"Naelewa, afande."

"Mtu haamki tu akaandika uongo. Nani alikuamuru? Marehemu Kapteni Wetherbee?"

Mlango ulikuwa wazi, na mzee wa watu aliufungua kwa huruma kabisa. Maiti hajitetei. Angesema ndiyo, na angetoka pale na miaka yake mitatu imepungua. Hanratty alimwona Kapteni ameegemea mwamba, amenyoosha mkono.

"Hapana. Kapteni alikuwa na homa, na yeye ndiye pekee aliyejaribu kuzuia. Hakuna aliyeniamuru, afande. Nilizoea. Kila mwezi naandika hivyo, na kila sajini ngome hii anaandika hivyo. Lakini farasi sikuwabadilisha mimi!" Sasa sauti yake ilipanda na hakuizuia. "Farasi aliwabadilisha yule pale, apate kupigwa picha! Aliomba rangi! Hakuuliza nani anajua kupanda, nani anajua kushika, aliuliza rangi! Tulimwomba wiki tatu akatupa mafuta ya kwato! Na leo amekaa na masharubu yake ananiambia mkono umelegea!"

"Sajini, chunga ulimi wako!" alisema Meja.

"Nimeuchunga miaka kumi na minne, afande, na watu wangu wamekufa."

Kanali hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Hanratty baridi. Alikuwa anakuna kidevu chake kwa utulivu.

"Kanali," alisema Meja, "ningependa kujua. Kama karatasi hii ingekuja mezani kwako imeandikwa kwamba Kombania D haiko tayari, ungefanya nini?"

"Ningeiacha ngomeni," Kanali akajibu mara moja. "Kanuni ziko wazi, Meja. Kombania iliyoandikwa haiko tayari haitoki. Hata ningetaka kuichukua nisingeruhusiwa. Mimi nilimwamini sajini."

Alisema kwa upole, na kila neno lilikuwa kweli. Kanuni ilikuwa hiyo. Hanratty aliijua, Boyle aliijua, kila mtu aliijua, ndiyo maana Kombania C ilichimba vyoo miezi minne. Hanratty alikuja pale na hasira zake zote kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu yule amemrudishia kwa sentensi tano. Magogo. Wangekuwa wanakata magogo mtoni huko chini, mbu wanawauma, wanamtukana, wanamwita Bibi Hanratty. Kapteni angekuwa amepona homa.

Mahakama haikuchukua hata nusu saa. Zeller aliachiwa huru. Hanratty alivuliwa cheo na kupewa miaka mitatu ya kazi ngumu, na Pettibone mwenyewe ndiye aliyezikata tepe zake mkononi kwa kisu, akiharibu na kitambaa. Taarifa iliyokwenda Mashariki ilisema rejimenti iliponzwa na ripoti ya uongo ya sajini mmoja. Kanali alikuwa anatafuta mtu wa kubeba lawama, na amempata. Kama ni mwoka mikate au sajini, kwake ilikuwa mamoja. Kuhusu rangi za farasi, taarifa haikusema lolote.

Askari wawili walimtoa Hanratty nje, mmoja huku, mmoja kule. Uwanjani walikuwa wamesimama wake wa askari, wafua nguo wa ngome, mikono bado ina povu, maana kuta za ukumbi ule ni mbao tupu na kila neno lilikuwa limepenya. Maud Sorley alikuwa mbele yao. Mumewe, Koplo Sorley, alikuwa wa Kombania D, na alizikwa kwenye kile kilima bila hata sanduku. Maud alisimama njiani, na wale askari wawili hawakuwa na ubavu wa kumsukuma.

"Sajini," alisema, "nimesikia vibaya, au nimesikia sawa? Ungeandika hapana, Tobias asingetoka?"

Zeller, aliyekuwa ametoka nyuma yao, akajisogeza. "Mama Sorley, mwache. Ameniokoa. Amejitia jela kwa ajili yangu."

"Kakuokoa wewe!" Maud alimgeukia kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. "Nimeona, kakuokoa wewe, hongera yako. Wangu je? Alikuwa wapi na kalamu yake kuokoa wangu?" Akamrudia Hanratty. "Nimekuuliza, baba. Neno moja tu lingetosha?"

Hanratty alitaka kusema Kanali. Alitaka kusema picha, rangi, jenerali, wiki tatu, Boyle na vyoo. Yote yalikuwa pale kooni, na yote yalikuwa haki yake.

"Neno moja," alisema. "Lingetosha."

Maud Sorley hakulia wala hakumpiga. Alijifuta povu kwenye aproni, mkono mmoja kisha wa pili, akageuza uso kuwatazama wale wanawake nyuma yake. Walikuwa kumi au kumi na mmoja, na wengine masikio yao hayakuwa mazuri.

"Sema kwa sauti," alimwambia. "Na hawa wenzangu wasikie."

Akasema tena, kwa sauti.